TAHARIRI: Filamu za eksirei zisioze stoo, vijana wapewe wajifunzie picha

Hospitali ikishaingiza mashine ya kidijitali ya eksirei, kuna kitu hubaki stoo kama yatima: maboksi ya filamu ambayo hayajafunguliwa. Daktari sasa anatazama mapafu ya mgonjwa kwenye kompyuta. Ile filamu ya kubandikwa kwenye kisanduku cha taa nyeupe haina kazi tena. Inakaa pale hadi tarehe yake ipite, kisha inangojea siku ya kutupwa.

Sasa wewe kijana unayependa picha, sikiza. Filamu hiyo inaingia kwenye kamera na inapiga picha ya mtu vizuri kabisa. Si stori za jaba. Wapiga picha wa Marekani na Ulaya wanaotumia zile kamera kubwa za miguu mitatu na kitambaa cheusi kichwani wameitumia kwa miaka mingi, na sababu yao kuu ni ileile ambayo ungeitaja wewe: bei.

Safu hii inasema filamu hizo zisitupwe. Zipelekwe kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi na makundi ya wapiga picha mitaani, kwa utaratibu na kwa barua iliyotiwa sahihi, na vijana nao wajifunze kuziosha nyumbani bila kumwaga sumu kwenye mtaro wa jirani. Mambo hayo mawili yanaenda pamoja. Anayetaka la kwanza bila la pili, afadhali maboksi yaendelee kukaa huko yaliko.

Tuanze na kamera yenyewe. Filamu ya milimita 35, ile ambayo mzazi wako aliipeleka studio kuoshwa baada ya harusi, ina fremu ya milimita 24 kwa 36. Kamera kubwa hutumia filamu ya karatasi moja moja, ya inchi 4 kwa 5 au inchi 8 kwa 10. Hiyo ya 8 kwa 10 ina eneo karibu mara 60 ya fremu ndogo. Unailaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, unamulika, unapata picha ya ukubwa uleule bila mashine ya kukuza. Ukiikaribia kwa jicho unaweza kuhesabu kope. Tatizo ni mkwanja. Boksi la filamu ya kawaida ya ukubwa huo, lenye karatasi 25, linaweza kumeza kodi ya miezi ya kijana anayeishi bedsita. Boksi la eksirei la ukubwa huohuo huwa na karatasi 100, na bado bei yake haifiki ya lile la 25.

Utauliza: filamu ya mionzi itaonaje sura ya mtu? Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, alishtuka kwa sababu kiwambo kilichopakwa kemikali kilianza kung'aa gizani. Hospitali zilikuja kutumia ujanja huohuo. Ndani ya kasha la filamu kuna viwambo viwili, mbele na nyuma. Mionzi ikivigonga vinatoa mwanga wa buluu au wa kijani, na mwanga huo ndio unaochora sehemu kubwa ya picha. Kwa njia hiyo mgonjwa anapigwa na mionzi kidogo tu. Ndiyo sababu filamu nyingi za eksirei zimepakwa utando pande zote mbili, kila upande ukitazama kiwambo chake. Kwa hivyo jina lisikudanganye. Hii ni filamu ya mwanga tangu ilipotoka kiwandani.

Na kabla shosho hajaanza kukemea kwamba umeleta mionzi nyumbani: boksi la filamu halina mionzi hata chembe. Hata filamu iliyokwisha kupigwa eksirei haina. Mionzi hupita mara moja, basi.

Kinachofanya filamu hii iwe na tabia yake ni kwamba haioni rangi nyekundu. Iko ya kuona buluu peke yake, na iko ya kuona buluu na kijani. Nyekundu kwake ni giza. Shuka la Mmaasai litatoka karibu jeusi. Barabara ya murram itakuwa kama imemwagiwa lami. Midomo inakolea, anga linatoka jeupe na mawingu yanapotea. Lakini mpige mtu chini ya mijakaranda ya Nairobi mwezi Oktoba, na yale maua ya zambarau yatang'aa kuliko yanavyoonekana kwa macho. Usiichukulie tabia hii kama kasoro. Ndivyo picha nyingi za enzi za babu zetu zilivyochorwa, kabla filamu zinazoona rangi zote hazijaenea.

Hapo kwa ngozi tusimame kidogo, kwa sababu ndipo mafunzo ya mitandaoni yatakapokupoteza. Mengi yamepimwa kwa nyuso za Wazungu. Ngozi ya kahawia hurudisha nyekundu zaidi kuliko buluu na kijani, na filamu hii haioni hiyo nyekundu, kwa hivyo uso wa rafiki yako utatoka mweusi kuliko alivyo na macho yatapotelea kivulini. Dawa yake ni rahisi: pima mwanga usoni mwake, si angani, kisha umpe mwanga mara mbili au tatu ya ule uliopima. Tatizo hili halikuanza na eksirei. Kwa miaka mingi Kodak ilisambazia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na ngozi zetu zilikuja kufikiriwa baadaye sana. Kijana wa hapa anayeosha filamu yake mwenyewe ana nafasi ya kuandika vipimo vyake, vya nyuso anazozijua.

Upofu wa nyekundu una faida nyingine kubwa. Filamu ya kawaida huoshwa katika giza totoro, ukipapasa kama kipofu. Hii unaiosha chini ya taa nyekundu, unaona kila kitu. Bafu lisilo na dirisha, usiku, linatosha. Taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli inafaa, ikikaa mita moja au zaidi kutoka kwenye dawa. Usiiamini kabla ya kuipima, lakini. Kata kipande cha filamu, weka sarafu ya shilingi kumi juu yake, kiache chini ya taa hiyo dakika tano, kisha kioshe. Ukiona alama ya sarafu, taa yako si salama. Isogeze mbali au tafuta nyingine.

Kamera si lazima ununue. Kisanduku cha mbao au mkebe wa majani uliopakwa rangi nyeusi ndani, wenye kina cha sentimita 10 hivi na tundu la sindano la chini kidogo ya nusu milimita, ni kamera kamili. Jua la saa sita likiwaka, sekunde kumi hivi zinatosha. Filamu yenyewe inakatwa kwa mkasi chini ya taa nyekundu. Karatasi moja ya inchi 8 kwa 10 inakupa vipande vinne vya inchi 4 kwa 5. Na kwa kuwa utando uko pande zote mbili, hakuna kuipakia kinyume. Kama unatumia kipima mwanga, wengi huanza kwa kuihesabu filamu hii kuwa ya kasi ya 50 au 100, kisha wanarekebisha. Ikiwa tarehe yake imepita sana, ipe mwanga zaidi.

Sasa kuosha. Unahitaji mabeseni matatu ya plastiki ambayo hayatarudi jikoni tena, hata mama akiuliza. La kwanza ni la dawa ya kutokeza picha. Rodinal, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1891 na ambayo bado inatengenezwa, hutumika sana: sehemu moja ya dawa kwa mia moja ya maji, na picha inakamilika kwa dakika sita hivi, maji yakiwa nyuzi 20. Lakini dawa ya dukani ni ghali na huenda isipatikane mjini kwenu. Ndipo tunapoingia kwenye kahawa.

Mwaka 1995, katika chuo cha Rochester Institute of Technology nchini Marekani, Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa inaweza kuosha filamu. Mapishi yaliyoenea tangu wakati huo ni haya: lita moja ya maji, gramu 54 za soda ya kufulia, gramu 16 za unga wa vitamini C, na gramu 40 za kahawa ya unga ile inayoyeyuka. Changanya kwa mpangilio huo, subiri povu litulie. Filamu za kawaida hukaa humo dakika 15 kwa nyuzi 20. Ya eksirei hutofautiana kulingana na aina, na hapa taa nyekundu inakuokoa kwa sababu unaitazama ikitokea, unaitoa inapotosha. Kahawa nzuri ya Nyeri inywe. Hapa wataalamu wa mchezo huu wanapendelea ile ya bei ya chini kabisa, ya robusta, ile ambayo mgeni akipewa anaguna.

Soda je? Sisi ndio wenye Ziwa Magadi. Magadi imechimbwa na kusafirishwa kutoka hapo kwa zaidi ya miaka mia moja, na jina lake limo jikoni mwetu. Ila usichukue magadi ya kupikia maharagwe ukadhani umemaliza. Hiyo ya sokoni imechanganyika na bikaboneti, na nguvu yake ni ndogo kuliko soda ya kufulia. Iweke kwenye sufuria kavu motoni, igeuzegeuze kwa muda, au ioke kwenye jiko la oveni kwa nyuzi 200 kwa saa moja: joto hufukuza maji na hewa ya kaboni, kinachobaki kinakaribia soda unayoitaka. Kisage, kichuje uchafu. Mwalimu wako wa kemia atafurahi kukueleza kilichotokea humo, na pengine ni mara ya kwanza utakuwa umemuuliza kwa hiari yako.

Beseni la pili ni maji yenye siki kidogo, kukomesha dawa. La tatu ni fiksa, na hapo jikoni hapana msaada wa maana. Chumvi nyingi kwenye maji inaweza kufanya kazi hiyo, lakini huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Nunua fiksa. Filamu ikiingia humo ikiwa na ukungu wa maziwa itaanza kuwa angavu. Hesabu muda uliochukua kuwa angavu, kisha iache muda mwingine kama huo. Mwishowe isuuze. Huna haja ya kuacha mfereji wazi nusu saa katika mtaa ambao maji huja mara mbili kwa wiki. Badilisha maji ya beseni mara sita au saba, ukitikisa kila mara, kisha itundike kwa kibanio cha nguo mahali pasipo vumbi.

Joto ni jambo la kuangalia, na linategemea unakoishi. Nairobi au Limuru, maji ya mfereji mara nyingi yako karibu na hizo nyuzi 20. Mombasa au Garissa yanaweza kupita 28, na kwa joto hilo dawa inakimbia na utando wa jelatini unalainika kama uji. Weka beseni la dawa ndani ya karai lenye vipande vya barafu. Kipimajoto cha bei ya chini ni bora kuliko kubahatisha.

Utando huo laini ndio unaowakatisha wengi tamaa. Filamu ya eksirei hukwaruzika kwa kuguswa tu na kucha, na kwa kuwa una utando pande mbili, upande wa chini unasugua beseni unapotikisa. Laza kioo laini chini ya beseni, osha karatasi moja kwa wakati, shika pembeni. Wengine hutia kila karatasi kwenye mfuko wa plastiki wa kufungia chakula, pamoja na dawa, na kuusukasuka polepole. Wapo pia wanaouondoa kabisa utando wa nyuma baada ya filamu kukauka: wanaibandika kwenye kioo kwa utepe pande zote, wanapaka jiki upande wa juu, utando unayeyuka, na picha inabaki na upande mmoja ulio kali zaidi. Inafanya kazi. Lakini jiki na siki visikutane hata kwa bahati mbaya, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, na bafu lisilo na dirisha si mahali pa kujaribu. Fungua mlango, fanya kazi hiyo siku nyingine, mbali na mabeseni.

Tumefika kwenye jambo ambalo wafundishaji wengi wa mitandaoni hulitaja kwa sentensi moja. Fiksa iliyotumika ina fedha. Si pesa, ni fedha yenyewe, madini, yaliyotoka kwenye filamu. Yakiingia kwenye mtaro yanakwenda mtoni, na kwa viumbe wadogo wa majini fedha iliyoyeyuka ni sumu. Mto Nairobi una mizigo ya kutosha. Dawa ya kahawa unaweza kuimwaga na maji mengi. Fiksa usimwage kamwe. Iweke kwenye mtungi wenye mfuniko, uandike kwa kalamu nzito ni nini, uuweke mahali mtoto hafikii. Ukitia humo sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, chuma kinayeyuka na fedha inatoka majini ikitua chini kama tope jeusi baada ya siku kadhaa. Idara za eksirei zilizokuwa zikiosha filamu kwa dawa zilikuwa na mipango ya kuikusanya fedha hii, kwa hivyo anayekupa filamu ndiye wa kwanza wa kuulizwa mtungi wako uende wapi. Kama hana jibu, NEMA hutoa leseni kwa wanaobeba taka hatari. Kundi la vijana kumi likikusanya mitungi pamoja linaweza kumlipa mmoja wao. Mtu mmoja pekee yake ataona ni usumbufu, na hiyo ni sababu nzuri ya kutofanya haya peke yako.

Sasa kwa wenye funguo za stoo. Sheria ya ununuzi wa umma na uondoaji wa mali ya 2015 inaruhusu mali isiyohitajika katika taasisi moja ya umma ihamishiwe taasisi nyingine ya umma. Hospitali ya kaunti ni taasisi ya umma. Chuo cha kiufundi cha umma ni taasisi ya umma. Katikati yao hakuna mlima, kuna barua tu. Kamati za uondoaji wa mali zinapoketi kuamua yatupwe yapi, ziandikie chuo kilicho karibu kwanza. Vyuo vyenye masomo ya picha na uanahabari visingojee kuandikiwa. Kwa sasa mwanafunzi anaweza kumaliza kozi ya picha bila kuona fedha ikigeuka kuwa sura ya mtu mbele ya macho yake, na hilo tunaliona ni upungufu wa mafunzo.

Hatusemi kazi hii italipa kodi. Wateja wa harusi wanataka picha kwa simu kabla keki haijakatwa. Lakini kijana aliyepima mwanga kwa karatasi moja isiyorudiwa, akasubiri, akaona kosa lake likining'inia kwenye kamba ya nguo, atashika kamera yoyote kwa mkono tofauti. Na negativu yake haihitaji nywila. Simu ikiibiwa kwenye matatu, inaondoka na miaka mitatu ya sura za watu wako. Negativu ya inchi 8 kwa 10 iko kwenye bahasha chini ya kitanda, na mjukuu ataishika juu ya dirisha na kuona.

Kitu kimoja hakina mjadala: filamu za wagonjwa usiziguse. Zile zilizopigwa tayari, zenye mifupa na jina na umri pembeni, hazina kazi kwenye kamera yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti. Mtu akikuuzia mzigo wa hizo mtaani, achana naye.

Na ukipata nafasi ya kuingia stoo na barua yako mkononi, soma boksi kabla ya kushukuru. Kama limeandikwa ni filamu ya printa kavu ya joto, ile inayotumiwa na mashine za kidijitali, lirudishe: haioni mwanga, na kwenye kamera haitakupa kitu. Unayotaka ni ile ya zamani ya kuoshwa kwa dawa. Uliza kama ni ya buluu au ya kijani. Ikiwezekana chukua ya kijani. Ukikuta ya kupimia matiti, hiyo ni bahati, kwa sababu ina utando upande mmoja tu na haina shida ya mikwaruzo ya chini. Na boksi lenyewe usilifungue kuhakikisha, hata msimamizi wa stoo akikuhimiza. Lifungulie kwako, usiku, taa nyekundu ikiwaka.